Kumzoesha Mzigo

Machi 28

Binti yangu amekuja na boksi la televisheni, nikafurahi bure. Ndani kulikuwa na mbwa. Mtoto wa mbwa, eti juzijuzi tu alikuwa bado ananyonya, lakini kichwa kama cha ndama na miguu minene kuliko mikono yangu. Hata sijaamkiwa vizuri, mbwa ameshakojoa kwenye zulia.

"Mama, huyu ni wa aina kubwa. Akikua atafika hapa," akajigusa kiunoni.

"Na wewe ulipokuwa mdogo niliambiwa utakua na akili," nikamjibu.

Akacheka, lakini hakuwa amekuja kucheka. Tangu baba yake afariki ana wimbo mmoja tu, kwamba nihame. Leo kauleta kwa sura nyingine. Nimlee huyu mbwa. Mvua zikiisha awe amepimwa na kuchanjwa na daktari wa mifugo, na niwe nimempeleka mimi, si yeye. Nikiweza, habari ya kuhama hataisema tena. Nikishindwa, tunafunga nyumba na ninakwenda kukaa kwake.

Kwake ni ghorofani. Chumba cha wageni kina dirisha linalotazama ukuta. Mara ya mwisho nilipolala pale, mkwe wangu aliniuliza kwa adabu kabisa kama nimemaliza kutumia jiko. Mimi siwezi kuzeeka nikiomba ruhusa ya kuchemsha maji.

Nimesema sawa. Mbwa nimempa jina, Mzigo.

Machi 29

Amelia. Amekula kiatu. Amelia tena.

Aprili 1

Nimepiga simu kwa daktari. Kapokea msichana msaidizi wake, sauti nyembamba kama uzi wa kushonea.

"Bibi, umeshaanza kumwandaa?"

"Nimwandae vipi? Anaolewa?"

Akacheka sana. Kisha akanieleza kana kwamba mimi ni mtoto wa chekechea. Kila siku nimshike kidogo kidogo, masikio, mdomo, nyayo, tumbo, mkia, nikimpa kitu cha kutafuna. Nimpandishe mahali pa juu kama meza ya daktari. Nimsikilizishe mlio wa mashine. Mtu avae koti jeupe ili asije akashtuka siku hiyo.

"Bibi, sasa hivi unambeba. Huyu akishakua na hajazoea kushikwa, wanaume wanne hawamtoshi. Na asikanyage nje kabla ya chanjo. Kuna ugonjwa wa kuhara damu, unaua mbwa mtaa mzima. Na andika kila siku anaendeleaje, daktari atauliza."

Nikamwambia nimelea watoto watano bila kumvalia mtu koti. Lakini ndiyo hivyo, ninaandika. Miadi yetu ni tarehe kumi.

Aprili 3

Meza ya jikoni inacheza miguu. Nikatafuta kitu kingine cha juu, mwisho nikakubali kile nilichokuwa nakikwepa. Nikafungua chumba cha mbele.

Mzee wangu alikuwa kinyozi. Chumba cha mbele ndicho kilichokuwa duka lake, lenye mlango wa barabarani na mlango mwingine wa kuingilia nyumbani. Tangu tumzike sijakaa humo, nafuta vumbi tu natoka. Kiti chake kile cha kuzunguka kipo, cha kukanyaga pampu kikapanda. Kioo kipo, kimejaa ukuta. Mashine, brashi ya poda, na koti lake jeupe kwenye msumari. Harufu ya spiriti na poda imechanganyika humo mpaka leo.

Niseme ilivyokuwa. Humu ndani alikuwa msemaji. Wateja walitoka wanajifuta machozi ya kicheko. Akivuka ule mlango wa kuja upande wangu, maneno yalikuwa yameisha, ananiletea mwili na njaa. Sidai kitu. Nasema tu.

Nimevaa koti. Mikono imenizidi, nimeikunja. Nimempandisha Mzigo kwenye kiti, nikakanyaga pampu. Akakojoa. Nikamtukana, nikafuta.

Aprili 4

Mvua. Sikio la kulia amekubali. La kushoto amenitia meno.

Aprili 7

Mvua. Nimewasha mashine ya kunyolea asikie mlio, akaruka chini ya rafu na matako yakabaki nje. Nimekaa sakafuni na goti langu bovu mpaka akatoka. Nyayo zake zimeanza kukubali kushikwa. Kucha ni ndefu na kali, kesho nitazikata.

Aprili 8

Kucha za miguu ya mbele zimekatwa. Zimekatwa vizuri, zimelainishwa ncha. Nadhani nilizikata jana nikasahau kuandika.

Aprili 10

Siku ya miadi. Nilikuwa nimeshapanga kumbeba kwenye beseni la kufulia, bado anaenea akikunja miguu. Msichana wa simu akaniwahi. "Bibi, usitoke. Maji yamepita juu ya daraja." Wiki ijayo, anasema. Kwa jinsi Mzigo anavyokula, wiki ijayo beseni ndilo litapanda juu yake.

Aprili 13

Mbwa wa Mchomeleaji amekufa.

Mchomeleaji ni jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, fundi wa mageti. Miaka yote nimemhesabu kuwa mtu wa kelele. Anagonga chuma, anaimba vibaya, anasalimia kwa kupiga ukuta. Leo amekuja mpaka mlangoni na kofia mkononi.

"Mama, amehara damu, kesho yake ameondoka. Nimemzika nyuma ya karakana. Huyu wako usimtoe hata kwa dawa."

"Pole, baba. Umekula?"

"Sijisikii."

Nimempa chai ameishika tu. Kumbe alikuwa anaongea na yule mbwa kutwa, mimi nadhani anaimba.

Zamani ukipita mtaani kwetu na gunia begani, mbwa wote wanakupokea kwa zamu mpaka mwisho. Leo muuza mkaa kapita na toroli lake. Wamebweka wachache, tena mbali.

Aprili 15

Mvua haijakata. Nataka niandike hili sawasawa.

Nilimpandisha Mzigo kwenye kiti kama kawaida. Nimevaa koti. Nikamfungua mdomo nikatazama meno, nikampa kipande cha mkate. Nikageuka kuchukua kitambaa kwenye rafu. Nilipomtazama kupitia kioo alikuwa hatazami mkate, wala hanitazami mimi. Alikuwa anatazama nyuma yangu, juu kidogo, pale ambapo uso wa mtu mrefu ungekuwa. Mkia unapiga kiti taratibu.

Kisha kichwa chake kikainama upande wa kulia. Si kama mbwa anayesikiliza. Kiliinamishwa. Kikakaa hapo. Kikarudi katikati, kikainama kushoto, kikakaa. Halafu kidevu kikapanda juu, shingo wazi, macho yamefumba nusu. Halafu kikashushwa mpaka kifuani, na manyoya ya kisogo yakalala upande mmoja, kama nyasi mtu anapopitisha mkono.

Nimeolewa na kinyozi zaidi ya nusu ya maisha yangu. Kulia, kushoto, juu, chini, kisogo. Nimeliona hilo kupitia mlango ule kila nilipopita na ndoo. Mimi sijamfundisha mbwa hivyo.

Nikasema, "Mzigo, shuka." Sauti ikanitoka kama ya mtu mwingine. Akafungua macho, akanitazama kama mteja aliyekatizwa, akasubiri. Alipopigwapigwa brashi mabegani, naandika hivyo kwa sababu ndivyo alivyojikung'uta, ndipo akashuka.

Aprili 16

Sijafungua chumba cha mbele. Mzigo amelala nje ya mlango wake, pua kwenye upenyo wa chini. Mkia unapiga sakafu.

Aprili 19

Daraja bado. Binti yangu amepiga simu.

"Anaendeleaje mbwa wako?"

"Anakula kuliko mumeo."

"Mama, una mgeni?"

"Mgeni gani?"

"Nasikia mtu anacheka hapo nyuma."

Nilikuwa jikoni. Mlango wa chumba cha mbele umefungwa, na Mzigo hakuwepo miguuni pangu.

"Redio," nikasema.

"Mama, yule mama wa rafiki yangu alianza hivyo hivyo, anaongea na watu wasiokuwepo. Ukianza kuona vitu uniambie, nije nikuchukue. Usione aibu."

Redio haina betri tangu mwezi uliopita. Nimelielewa vizuri jambo langu sasa. Nikisema neno moja la chumba cha mbele, nyumba imekwenda. Mambo ya humo yatabaki humo.

Mzigo nimemkuta kwenye kiti. Mlango ulikuwa umefungwa, nimeufungua mwenyewe kwa ufunguo.

Aprili 22

Umeme umekatika tangu asubuhi, mvua imeangusha nguzo. Nimetoka dukani na mwavuli, Mchomeleaji yuko mlangoni kwake, kazi hana, amekunja mikono.

"Mama, hongera. Umepata mpangaji?"

"Mpangaji wa wapi?"

"Huyo kinyozi. Nasikia mashine tangu asubuhi. Nikasema afadhali, duka lisikae bure. Ana mkono mwepesi, nimesikia anavyoitembeza. Kama marehemu kabisa."

"Ni mimi namzoesha mbwa."

"Wewe si ulikuwa dukani?"

Nikamwambia aende akatafute kazi ya kufanya. Akainua mikono akarudi nyuma. Hakuniuliza habari ya umeme na mimi sikumkumbusha.

Aprili 23

Nimechoka kukimbizwa ndani ya nyumba yangu. Leo nimeingia chumba cha mbele, nikakaa kwenye benchi la wateja bila kuvaa koti. Mchana mweupe, mvua inapiga bati.

Mzigo kajipandisha mwenyewe. Sasa miguu ya nyuma inaning'inia, kiti kimemwishia. Koti liko kwenye msumari. Nikasubiri. Pampu ikaanza kushuka. Ilishuka polepole kama inavyokanyagwa na mtu asiyetaka kumshtua aliye juu, na kiti kikapanda kiasi cha kiganja.

Mimi nikiogopa huwa nagomba, sina namna nyingine.

"Kama ni wewe," nikasema, "toa viatu, nimepiga deki."

Mvua tu. Mzigo akainamishwa kulia.

"Na hiyo pampu ina mafuta machache, usiikanyage kama kijana."

Sikio la kushoto likafunuliwa. Lile la meno. Likashikwa kwa ncha, ndani kabisa pakaonekana peupe kwenye kioo, na Mzigo hata hakupepesa. Mimi nimelipigania sikio hilo tangu mwanzo wa mwezi.

Nikakaa natazama. Kazi ilikuwa nzuri, siwezi kusema uongo. Taratibu, haikurudia, haikulazimisha. Akishtuka kidogo mkono unasubiri. Nilikuwa sijui kwamba ana subira kiasi hicho. Nilikuwa naona migongo ya wateja tu, na ndoo yangu mwenyewe.

"Miaka yote hiyo," nikasema, "hukuwahi kunishika mimi kidevu namna hiyo."

Mzigo akageuza kichwa akanitazama kwenye kioo. Kwa muda kidogo kazi ilisimama. Kisha ikaendelea.

Aprili 25

Mvua. Tumegawana. Yeye masikio na kucha, mimi mdomo na tumbo. Mzigo anatulia kama gogo. Simu: daraja bado.

Aprili 28

Mvua. Tumefanya kazi. Nimechekea kitu humo ndani, sijui hata nini.

Mei 1

Beseni limekwisha kazi. Anaingia miguu miwili tu. Na nikimwita kutoka chumba cha mbele haji, mpaka nivae koti. Nikivaa anakuja, lakini anatembea pembeni yangu akiwa ameacha nafasi, kama kuna mtu katikati yetu.

Mei 3

Leo niandike yote.

Asubuhi hakula. Huyu ambaye hula mpaka kuti la ufagio. Nikaweka sahani, akaitazama, akaenda kulala mbele ya kiti. Pua imekauka. Tumbo gumu. Akatapika povu.

Nikatoka kibarazani nisikilize. Muuza mkaa amepita mtaa mzima, nimeyasikia magurudumu yake kutoka mwanzo mpaka mwisho, na hakuna aliyebweka. Hata mmoja. Wameisha wote. Ndani ya mtaa huu amebaki huyu wangu.

Ndipo wazo likanijia, na likiingia halitoki. Wiki zote hizi namshukuru kimoyomoyo kwa kunisaidia. Sikujiuliza yeye anamwandaa kwenda wapi. Mtu aliyekufa anamzoesha mtoto wa mbwa kushikwa na mkono usioonekana, asiogope, atulie, ainamishe shingo. Anamzoesha kwa daktari, au anamzoesha kwake?

Nikaingia chumba cha mbele bila koti, nikapiga ile rafu kwa kiganja mpaka machanuo yakaruka.

"Sikiliza wewe! Mbwa wote wa mtaa umewaona wakipita, huyu usimguse. Huyu ni wangu. Akienda huyu nami nimekwenda, nitakaa kwenye chumba kinachotazama ukuta, na hapa watapanga watu wa kuuza simu, na wewe utabaki unawanyoa nani? Kama ulikuja kwa ajili yake, ondoka. Kama ulikuja kusaidia, saidia!"

Koti kwenye msumari likatulia. Sijui kama lilikuwa linacheza kabla. Nikalia kidogo, kwa hasira.

Nikampigia msichana wa simu. Hakucheka safari hii. Akaniuliza kwa utulivu, ufizi wake una rangi gani, choo kina damu, amekula kitu gani kigeni. Akaniambia, "Bibi, mkandamize tumbo taratibu, kama tulivyofundishana. Niko hapa, sikati simu." Na kweli hakukata. Nilipoweka mkono wangu pale tumboni, Mzigo hakujikaza hata kidogo. Kuna mtu alikuwa amemshika kichwa.

Akajikunja, akatapika tena, na safari hii kikatoka. Sponji yangu ya kuoshea vyombo. Nzima.

Msichana aliposikia akapiga kelele ya furaha huko. Na mimi nikacheka mpaka nikashikilia kiti. Kisha nikamwomba radhi mtu kwa zile kelele. Sikuzoea kuomba radhi, sijui kama nilifanya vizuri.

Jioni Mzigo amekula sahani mbili.

Mei 6

Jua. Maji yameshuka, daraja limeonekana. Kesho. Binti yangu atakuja huko huko kwa daktari kushuhudia, kama refa.

Mei 7

Mzigo hawezi kubebeka na hatakiwi kukanyaga chini, kwa hiyo Mchomeleaji amekuja na toroli la karakana, tumetandika gunia na shuka.

"Mama, hiki ni kitoto kweli? Mbona kama bosi?"

"Sukuma, usiongee na abiria."

Lakini Mzigo aligoma kutoka. Alikaa mbele ya kiti, mzito kama jiwe la msingi. Nikavaa koti. Akasimama, akapanda toroli mwenyewe. Nikatembea mtaa mzima nimevaa koti la kinyozi lenye mikono iliyokunjwa, Mzigo ameketi wima kwenye toroli, na Mchomeleaji akijizuia kuimba kwa heshima ya safari. Kwenye nyua za watu hakuna mbwa aliyetokeza. Darajani Mchomeleaji alisimama kupumzika.

"Ajabu," akasema. "Mbele limekuwa jepesi, kama kuna mtu analivuta."

"Ni mteremko," nikamwambia. Pale hakuna mteremko.

Kwenye chumba cha kusubiri watu wote wakasimama. Bwana mmoja mwenye mbuzi akanyoosha mkono, "Shikamoo daktari, huyu wangu hacheui." Nikamwambia mimi si daktari, mimi nimeleta mbwa, na huyo mbuzi anaonekana amechoshwa na maswali. Binti yangu alikuwa kwenye benchi, akajificha uso kwa mkoba.

Daktari mwenyewe akatoka. Mwanamke wa makamo, nguo za kijani kuanzia juu mpaka chini. Kijani! Wiki zote hizi nimemzoesha jeupe. Nikamgeukia yule msichana wa simu, ambaye kumbe ni mfupi na ana mashavu ya mtoto, akajificha nyuma ya kabati akicheka.

Wakamwinua watatu wakamweka mezani. Daktari alikuwa bado anavaa glavu, mikono iko mbali kabisa. Kichwa cha Mzigo kikainama kulia. Kikakaa. Kikainama kushoto. Kidevu kikapanda, shingo ikawa wazi. Daktari akamsikiliza moyo, akatazama masikio, yote mawili, akafungua mdomo, akabonyeza tumbo. Hakutikisika.

"Mimi nina miaka mingi kwenye kazi hii," daktari akasema. "Sijaona mbwa wa aina hii, umri huu, mara ya kwanza, anakaa hivi. Huyu kazoeshwa na mkono mzuri sana. Na kazi hii haiwezi kufanywa na mtu mmoja, lazima mmoja ashike kichwa. Bibi, nani anakusaidia?"

Mzigo alikuwa anatazama nyuma yangu, juu kidogo. Nilimsikia kisogoni, kama mtu anavyosubiri kutambulishwa.

Binti yangu akasogea. "Ndiyo, mama. Nani anakusaidia?" Na macho yake hayakuwa ya utani.

"Hakuna," nikasema. "Niko peke yangu. Yote nimefanya mimi."

Mkia wa Mzigo ukasimama. Akafuatisha kwa macho kitu kilichotoka nyuma yangu kikaenda mlangoni, kikapita. Kisha akaanza kutetemeka meza nzima. Sindano ilipoingia alilia kama siku ya kwanza, na ilibidi tumshike wote wanne.

Daktari kasema ni mzima, mzito, moyo mzuri, arudi kwa chanjo ya pili. Binti yangu akanikumbatia pale nje. "Umeshinda, mama. Nyumba ni yako. Sisemi tena." Mchomeleaji akapiga makofi. Kurudi, toroli lilikuwa zito mpaka tulipumzika kila kona.

Mei 8

Nimetundika koti. Mzigo amepita mlango wa chumba cha mbele bila kugeuza kichwa, ameenda kulala jikoni.

Mei 9

Jua kali. Chumba cha mbele kinanuka vumbi. Nimempandisha Mzigo kwenye kiti, akanitazama mimi tu, akashuka. Pampu nimeikanyaga mwenyewe. Nimegomba kuhusu mafuta, kuhusu viatu, kuhusu deki. Nilikuwa nasikia sauti yangu inagonga kioo na kurudi.

Nimeshinda nyumba. Ina vyumba vingi kuliko nilivyokumbuka.

Mei 12

Naandika haraka, viatu viko miguuni.

Binti yangu amekuja leo kunipikia, ni mpole, ni kama zamani. Tuko jikoni wote. Simu ikalia, msichana wa daktari.

"Bibi, hujambo? Mzigo mzima? Samahani, nina swali. Yule mzee uliyekuja naye, utakuja kumchukua lini?"

Nikakaa kwenye kigoda. "Mzee gani, mwanangu?"

"Huyu mrefu, mpole. Anakaa benchi la karibu na mlango. Tukifungua asubuhi tunamkuta, tukifunga tunamwacha. Hasumbui mtu, Bibi, wala mimi simfukuzi. Mbwa wakali wakiingia anawashika kidevu, wanatulia wenyewe, daktari anadhani ni jamaa wa kujitolea. Ila hali kitu. Leo nimemuuliza, mzee, unasubiri nani? Akasema anasubiri mwenye mbwa aseme kwamba walikuwa wawili."

Binti yangu ameacha mwiko hewani. "Nani huyo, mama?"

Ningeweza kusema ni habari ya chanjo. Uongo ulikuwa tayari mdomoni, na ninajua kusema uongo.

"Ni baba yako," nikasema. "Nilimkana pale mbele yenu, nikamwacha kwa daktari. Naenda kumchukua."

Sasa hivi binti yangu yuko kibarazani anampigia mumewe, kwa sauti ya chini, mgongo amenipa. Nimesikia neno "chumba cha wageni". Acha aseme. Nitafika pale, nitasimama mbele ya daktari na yule mtu wa mbuzi na yeyote atakayekuwepo, na nitamwita kwa jina lake, kwa sauti yangu hii wanayoilalamikia. Wakishanichukulia nyumba, tutajua pa kukaa tukiwa njiani.

Mzigo yuko mlangoni, ameshaanza kupiga mkia. Mawingu yamerudi. Nimechukua mwavuli mkubwa, ule wa watu wawili.